Kaakaa limeshonwa, mtoto bado anaongea puani: mwongozo kamili wa mazoezi ya matamshi nyumbani

Operesheni imepita, kidonda kimekauka, mtoto anakula ugali wake vizuri. Ila akianza kuongea, "baba" inatoka "mama", "kaka" inatoka kama mtu aliyebanwa kooni, na majirani wanauliza chinichini kama kweli alishonwa. Hapa ndipo wanapokwama wazazi wengi wa watoto waliozaliwa na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka. Wanashauriwa puto, wanashauriwa filimbi, wanaambiwa wamhimize mtoto aseme kwa nguvu. Miezi inakatika na king'ong'o kiko palepale.

Wanakwama kwa sababu wanaanza mazoezi kabla ya kujua tatizo liko wapi. Mtoto aliyeshonwa akiendelea kuongea puani, huenda kaakaa lake bado halifungi, na hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji. Au linafunga, ila mtoto amebaki na mazoea aliyojijengea wakati lilipokuwa wazi. Mazoea ndiyo kazi yako wewe mzazi. Ukimfanyisha mazoezi mtoto ambaye kaakaa halifungi, unamchosha bure. Ukisubiri operesheni nyingine kwa mtoto mwenye tatizo la mazoea, unampotezea miaka.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa kuanzia miaka mitatu hivi, anayeweza kukaa dakika tano na kuiga anachoambiwa. Aliye chini ya hapo mchezeshe tu: mwambie "pa!" kila unapomshusha mgongoni, "pu!" kila povu la sabuni linapopasuka, na ushangilie kila sauti inayotokea midomoni kuliko ile inayotokea kooni.

Vitu vya kuandaa

- Tishu laini, ukate vipande vyembamba vya upana wa kidole.
- Mrija wa kunywea soda wenye kona ya kupinda. Ukipata mpira mwembamba laini wa kama nusu mita, ni bora zaidi. Uoshe kila mara na usiazimane na mtoto mwingine.
- Simu yenye tochi na ya kurekodi sauti.
- Kioo cha kuwatosha nyuso mbili, yako na ya mtoto.
- Vitu au picha za maneno ya mazoezi (orodha iko hatua ya 5).
- Daftari.
- Faili la hospitali na karatasi ya ruhusa. Kama ziko kwa bibi kijijini, mwambie mtu azipige picha akutumie.

Puto halimo kwenye orodha, na sijalisahau.

Kabla ya yote, soma faili

Pitisha ncha ya ulimi juu ya kinywa chako kuanzia nyuma ya meno. Pale pagumu ni kaakaa gumu. Ukizidi kurudi nyuma pakaanza kulegea, umefika kaakaa laini, na kile kinyama kinachoning'inia mwisho wake ndicho kimeo.

Kaakaa laini ni mlango. Ukisema p, t, k au s, unanyanyuka na kurudi nyuma hadi kugusa ukuta wa koo, na hewa yote inatoka mdomoni. Ukisema m, n, ny au ng', unashuka na hewa inapita puani. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka hana mlango huo mpaka ashonwe. Kumshona si kuziba tundu tu: misuli ya mlango inatakiwa kurudishwa mahali pake ili ifanye kazi.

Sasa fungua faili. CL maana yake ni mpasuko wa mdomo, CP wa kaakaa, CLP wa vyote viwili. U mbele ya herufi hizo inaonesha ni upande mmoja, B ni pande zote mbili. Kama ni CL peke yake na kaakaa ni zima, king'ong'o hakitokani na mpasuko ule, kwa hiyo omba mtoto achunguzwe upya.

Ukikuta jina Veau na namba ya Kirumi: I ni kaakaa laini tu, II ni laini na gumu, III ni mpasuko kamili wa upande mmoja unaopita hadi ufizi, IV ni wa pande mbili.

Baadhi ya madaktari huandika kwa mtindo wa LAHSHAL, unaowachanganya wengi. Soma kuanzia upande wa kulia wa mtoto kwenda kushoto kwake: L mdomo, A ufizi, H kaakaa gumu, S kaakaa laini, halafu H, A, L za upande wa pili. Herufi kubwa ni mpasuko kamili, ndogo ni usio kamili, nukta ni pazima. Kwa hiyo "...SHAL" ni mtoto ambaye kulia kwake hakuna mpasuko, ila kaakaa laini limepasuka, na kushoto kwake kaakaa gumu, ufizi na mdomo vimepasuka kabisa.

Upande wa operesheni, cheiloplasti ni kushona mdomo, palatoplasti ni kushona kaakaa. Jina Millard ni la mbinu ya mdomo. Von Langenbeck na Furlow ni mbinu za kaakaa, na Furlow hukata kwa umbo la herufi Z ili kaakaa laini lirefuke na misuli igeuzwe ielekee inakotakiwa. Fistula, neno ambalo kina mama wengi wanalijua kwa tatizo la uzazi, hapa ni tundu lililobaki au lililofunguka kwenye kaakaa lililoshonwa. VPI ni mlango usiofunga sawasawa wakati wa kuongea.

Kwenye daftari andika tarehe ya palatoplasti na umri wa mtoto siku hiyo. Kwa kawaida kaakaa hushonwa kati ya miezi 9 na 18, mdomo ukiwa umeshatangulia, mara nyingi kati ya miezi 3 na 6. Mtoto aliyeshonwa akiwa na miaka minne alijifunza kuongea akiwa na kaakaa wazi. Mtarajie awe na mazoea mengi zaidi ya kufuta, na ujipe muda.

Hatua ya 1: Kagua kidonda na masikio

Usianze mpaka daktari aliyemshona aseme kidonda kimepona. Wiki za mwanzo ni za uji, mtori na supu iliyochujwa, na hakuna mrija wala kijiko kirefu cha kuchokonoa kinywani.

Akiruhusu, mlaze mtoto kichwa kikielekea mapajani kwako, mwambie aseme "aaa", umulike kwa tochi. Tafuta tundu kwenye mstari wa mshono, hasa pale kaakaa gumu linapokutana na laini, na nyuma ya meno ya mbele. Muulize pia anayemlisha mchana, awe dada wa kazi au shangazi: chai au uji huwa unatokea puani? Kama ndiyo, andika, upange siku ya kwenda kliniki. Tundu dogo sana linaweza lisisumbue usemi. Kubwa linavujisha hewa kila anapotamka.

Masikio wazazi wengi huyasahau. Msuli unaofungua mrija wa sikio umeshikamana na kaakaa, na kwa watoto hawa mara nyingi haufanyi kazi vizuri. Maji yanatuama nyuma ya ngoma ya sikio, bila maumivu, bila usaha, na mtoto anasikia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Ukimwita kutoka nyuma hageuki, anasogelea televisheni, siku nyingine anasikia na siku nyingine hasikii. Omba apimwe usikivu kabla ya mazoezi. Asiyeisikia s hawezi kuitamka hata mkikesha.

*Imefaulu ukiona:* kaakaa halina tundu au tundu linajulikana na daktari, na una majibu ya kipimo cha usikivu.

Hatua ya 2: Pima hewa inatokea wapi

Chagua siku ambayo mtoto hana mafua na nyumba imetulia. Kama mnaishi karibu na kituo cha daladala, subiri usiku.

Maneno ya kupimia ni lazima yasiwe na m, n, ny wala ng', kwa sababu sauti hizo zinapita puani kwa kila mtu, hata kwako. Mtego uko hapa: lugha yetu imejaa sauti hizo. Mbuzi, ndizi, embe, nyumba, mimi, nina. Mzazi anampima mtoto kwa "nataka maandazi", anasikia pua, anavunjika moyo bure. Tumia hizi:

- "Sita, sita, sita, sita."
- "Baba kapika supu."
- "Kaka kakata keki."
- "Jogoo kala chapati." (Watoto hucheka. Mwache acheke kwanza.)
- "Iiiii" ndefu, kisha "uuuuu" ndefu.

Kipimo cha kwanza ni cha vidole. Mtoto akisema "iiiii", mbane pua taratibu na kumwachia, mara kadhaa. Kama sauti haibadiliki, hewa haipiti puani. Kama inabadilika kila ukibana, mlango unavuja. Jaribu kwenye pua yako kwanza, uisikie sauti isiyobadilika ikoje.

Cha pili ni cha mrija. Ncha moja iwe mlangoni mwa tundu la pua la mtoto bila kuingia ndani, nyingine sikioni kwako. Aseme "sita, sita, sita". Hewa ikipita puani utasikia mvumo, fff, fff, kwa kila s na t. Kisha aseme "mama, mama", usikie mvumo unavyotakiwa kuwa pale unapostahili. Rudia kwa tundu la pili la pua.

Utasoma mahali kwamba utumie kioo kidogo chini ya pua ili uone ukungu. Kwenye joto la Dar kioo cha mezani hakishiki ukungu wa kuonekana vizuri, na ukikitoa kwenye friji kinalowa chenyewe kwa unyevu wa hewa kabla hujakifikisha puani. Kipande cha tishu kilichoshikwa chini ya pua kinafaa zaidi: kikipepea kwenye "pa pa pa", hewa imepita huko. Shika kwa namna ambayo upepo wa mdomoni haukifikii, la sivyo utajidanganya.

Rekodi sentensi zote kwenye simu, taja tarehe mwanzoni, usifute.

*Imefaulu ukiona:* una rekodi moja safi, na unaweza kutaja sauti zinazovuja na zisizovuja.

Hatua ya 3: Amua ni mlango au ni mazoea

Hatua hii usiiharakishe.

Kama kila sauti yenye nguvu inavuja (p, b, t, d, k, g, f, s, sh, ch), na hata vokali "iii" inabadilika ukibana pua, na mtoto anakata sentensi vipande vipande kwa kuishiwa pumzi, mlango haufungi. Ruka hadi sehemu ya kurudi hospitali.

Kama inayovuja ni s peke yake, au s na sh, na p, t, k ni safi, hayo ni mazoea. Mlango unafunga vizuri kwa p, kwa hiyo uwezo upo. Mtoto amejifunza s kwa njia ya pua na haijui nyingine.

Halafu kuna mtoto wa koo. Unajua ile sauti ya kukatiza unayoitoa ukimkataza mtu, "a-a!"? Ile inayokatika katikati hutokea kooni, nyuzi za sauti zinapogongana. Mtoto aliyekuwa na kaakaa wazi hakuweza kubana hewa mdomoni, kwa hiyo akabuni njia ya kuibana chini kabisa, kabla haijafika palipo na tundu. "Paka" yake ni "a-a", "kuku" ni "u-u". Midomo inaweza hata kukutana kwenye p ili ufikiri anaitamka, lakini hakuna pumzi inayotoka. Weka kiganja mbele ya mdomo wake, utakuta hamna kitu.

Mara nyingi mtoto mmoja ana vyote viwili, koo na uvujaji. Anza na koo. Hewa ikikatizwa kooni, kaakaa laini halina sababu ya kunyanyuka, kwa hiyo huwezi kujua kama mlango ni mbovu au umelala tu. Kuna watoto ambao koo likishaachwa, king'ong'o nacho kinapungua. Na kama hakikupungua, daktari naye anapata picha ya kweli ya mlango.

*Imefaulu ukiona:* umeandika kwenye daftari neno moja kati ya haya: mlango, mazoea, vyote viwili.

Hatua ya 4: Sauti moja tu, na iwe p

Dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Usizidishe. Mtoto aliyechoka anarudi kwenye koo, na unakuwa umemfanyisha mazoezi ya kosa.

Tunaanza na p kwa sababu inaonekana kwenye kioo na haihitaji mtoto kutumia ulimi.

Kaeni mbele ya kioo. Mwoneshe kipande cha tishu mbele ya mdomo wako, utamke p tupu bila vokali, bila sauti, pumzi pekee. Tishu inaruka. Sasa zamu yake. Mbane pua taratibu ili hewa isiwe na njia nyingine, na yeye afunge midomo kisha aiachie. Tishu ikiruka, shangilieni.

Siri ni kunong'ona. Mtu akinong'ona, nyuzi zake za sauti zimeachana, haziwezi kugongana ghafla kirahisi. Kwa hiyo yote ya mwanzo yafanyike kwa mnong'ono. Neno "hapa" limekaa kama limetengenezwa kwa kazi hii: h inafungua koo, kisha p inafuata huku pumzi ikiendelea kutoka. Anong'one "haaa...pa", polepole. Ukisikia mkato kati ya "ha" na "pa", mmeharakisha.

Akishaweza akiwa amebanwa pua, muachie pua mara moja moja katikati ya mazoezi bila kumwambia. Wengi hutamka p safi bila kujua kwamba hawajabanwa.

Onyo: usimwambie "sema kwa nguvu". Nguvu inakaza koo, na koo ndilo tunalotaka lilegee. Mwambie "sema kwa upole, tishu iruke".

*Imefaulu ukiona:* p tupu inatoka vizuri mara 8 kati ya 10, pua ikiwa wazi.

Hatua ya 5: Silabi, kisha maneno

Pa, pe, pi, po, pu, bado kwa mnongʼono. Kisha sauti ya kawaida iingie kwenye vokali tu: p ya pumzi, halafu "a" kwa sauti. Kisha p katikati: apa, epe, ipi, opo, upu. Ukisikia koo, rudi kwenye mnongʼono siku hiyohiyo.

Maneno yawe ya p, yasiwe na sauti za pua, na yawe ya vitu anavyovijua: papai, paka, pasi, papa, pilipili, pweza, supu, kopo. Weka vitu mezani, achukue kimoja kimoja na kukitaja. Kama maneno mengine yana k na bado k yake ni ya koo, isamehe k. Leo unasahihisha p.

Akifika hapo, mchezo mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa konda. Panga viti au ndoo, mtoto awe konda, nyinyi abiria. Kazi yake ni kuita abiria: "Posta! Posta! Posta!" Majina kadhaa ya vituo vya Dar yamekaa vizuri kwa mazoezi, hayana sauti ya pua hata moja. Posta ni ya p. Tabata na Tegeta ni za t. Kigogo na Kariakoo ni za k na g, ziwekeni akiba. Sikilizeni konda wa kweli mkiwa safarini, jinsi anavyolirudia jina moja mara kumi bila kuchoka. Hakuna mwalimu atakayemfanya mtoto arudie neno kiasi hicho kwa hiari yake. Epukeni Mbagala, Temeke na Ubungo mpaka baadaye, zina m na ng.

*Imefaulu ukiona:* maneno kumi ya p yanatoka vizuri bila tishu na bila kioo, na rekodi ya leo ukiilinganisha na ile ya kwanza unasikia tofauti bila kujilazimisha.

Hatua ya 6: Sentensi na maongezi

Sentensi fupi kwanza: "Pita hapa." "Paka apewe supu." Kisha maswali ambayo jibu lake lina neno la mazoezi: "Unataka papai au pilipili?"

Nje ya muda wa mazoezi usimsahihishe kila neno. Akisema "a-ai" akimaanisha papai, mpe papai na umrudishie neno likiwa zima: "Haya, papai hili hapa." Basi. Mtoto anayekatizwa kila sentensi huishia kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hafanyi mazoezi.

Nyumba iwe na mwalimu mmoja. Bibi kwa mapenzi yake atasema "mjukuu wangu, hebu sema vizuri wageni wasikie", binamu watamwigiza. Ongea na bibi kwa adabu, mweleze tuko kwenye sauti gani wiki hii, mpe kazi ya kuwa abiria wa daladala. Binamu waambie bila adabu.

Hatua ya 7: Sauti zinazofuata

Baada ya p nenda b, ambayo ni p iliyoongezewa sauti. Akiendelea kusema "mama" kwa "baba", mbane pua aseme "mama": itatoka karibu na "baba" yenyewe. Mwache aisikie, kisha aitafute pua ikiwa wazi.

Kisha t, ncha ya ulimi nyuma ya meno. Watoto waliokuwa na kaakaa wazi hupenda kuivuta nyuma ikawa k, kwa hiyo aangalie kioo aone ncha ya ulimi wake. Kisha d, kisha f: meno ya juu juu ya mdomo wa chini, pumzi ndefu inayoyumbisha tishu.

S haifundishwi kwa kusema "sema sss", utapata ileile ya puani. Ipitishe kwenye t. Mbane pua, aseme t-t-t haraka, kisha avute ya mwisho: t-t-tsss. S imezaliwa mdomoni. Kata t, bakiza mkia. Mkifika kwenye "sita" na "saba", rudini kwenye mrija wa hatua ya 2. Kimya ndicho unachotaka kusikia.

K na g ziwe za mwisho, kwa sababu zinatamkwa kulekule nyuma karibu na mazoea ya koo.

Yaache haya

*Puto, filimbi, kuzima mshumaa.* Kaakaa linavyofunga wakati wa kupuliza si sawa na linavyofunga wakati wa kuongea, na tafiti za mazoezi ya kupuliza hazijaonesha kwamba yanaondoa king'ong'o. Mtoto anaweza kuwa bingwa wa puto na bado "sita" yake ikapita puani. Kama anapenda puto, achezee puto. Lisihesabiwe kama mazoezi.

*Kukata kimeo.* Kwa mtoto yeyote kuna hatari ya kutoka damu nyingi na kupata maambukizi. Kwa huyu, unampeleka mtu na kisu kwenye mshono wa daktari. Na kama mtoto hakuwahi kuonekana na mpasuko ila anaongea puani na kimeo chake kimegawanyika mara mbili, hiyo inaweza kuwa dalili ya mpasuko uliofichika chini ya ngozi ya kaakaa. Mpeleke hospitali kikiwa kama kilivyo.

*Kukata udata.* Ulimi ulioshikwa chini hauleti king'ong'o. Kuukata hakukiondoi.

*Kutoa nyama za puani bila kuuliza.* Hili ni zito. Kwa watoto wengi wenye kaakaa fupi, kaakaa laini linafunga kwa kuegemea zile nyama zilizo nyuma ya pua. Zikitolewa, mlango unabaki na pengo na mtoto aliyekuwa anaongea vizuri anaanza king'ong'o ghafla. Daktari yeyote akipendekeza zitolewe kwa sababu ya kukoroma au masikio, mwambie historia ya kaakaa kabla hujasaini fomu.

Wakati wa kurudi hospitali

Rudi mara moja kama hatua ya 3 ilikupa "mlango", au kama kuna tundu. Kama ni mazoea, mpe miezi miwili au mitatu ya mazoezi ya kila siku. Sauti isipobadilika hata kwenye p, rudi.

Kwa Dar, Muhimbili iliyoko Upanga na CCBRT ya Msasani hupokea watoto hawa. Shirika la Smile Train hulipia operesheni za mdomo na kaakaa katika hospitali linazoshirikiana nazo, kwa hiyo uliza hilo dirishani kabla hujaanza kukopa. Wataalamu wa tiba ya matamshi ni wachache nchini. Ukimpata, omba akusikilize wewe ukimfanyisha mtoto mazoezi, badala ya kukaa nje kusubiri.

Usiseme tu "bado anaongea puani". Sema: "Kaakaa lilishonwa tarehe fulani. Sauti zote zinavuja, hata vokali. Koo tumeliacha, nina rekodi ya kabla na baada." Icheze rekodi palepale. Uliza kama mtoto anaweza kutazamwa kwa kamera nyembamba inayopita puani wakati anaongea, au kupigwa eksirei ya video. Vipimo hivyo vinahitaji mtoto anayeweza kutamka sentensi akiwa ametulia, ndiyo maana mara nyingi hufanywa akiwa na miaka minne hivi au zaidi.

Ikiamuliwa ashonwe tena, utasikia mojawapo ya haya. Kaakaa linaweza kurefushwa kwa mbinu ya Furlow. Inaweza kuchukuliwa nyama kutoka ukuta wa nyuma wa koo na kushonwa kwenye kaakaa laini, huku ikiachwa nafasi ya hewa pande zote mbili. Au misuli ya pembeni ya koo inageuzwa ili kulipunguza pengo. Zote ni za nusu kaputi, na baada ya kupona mazoezi yanaanza upya kutoka hatua ya 2. Suala la kupandikiza mfupa kwenye ufizi ni tofauti, husubiri hadi kati ya miaka 8 na 11, kwa ajili ya meno.

Baada ya operesheni hizo za koo, mtoto anaweza kukoroma na kuhema kwa mdomo kwa muda. Lala naye chumba kimoja wiki za mwanzo. Ukisikia pumzi inakatika usingizini kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, mrudishe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.